Alichokiona Mgeni na Alichokidhani: Vitabu Vinavyofaa Kusomwa Karagwe

Mwalimu mmoja wa sekondari huko Rubwera aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alikuwa na fedha za kununulia vitabu vichache tu kwa ajili ya rafu ya shule, na wanafunzi wake walikwisha kuzisoma hadithi zote zilizokuwapo. Sasa alitaka vitabu vya mambo ya kweli: vya sayansi, vya historia, hata vya falsafa, vitakavyowazoeza vijana kufikiri sawasawa. Je, aanze na kipi?

Nilimwahidi orodha. Lakini nilipoketi kuiandika niliona kwamba orodha ya vitabu mashuhuri vya dunia angeweza kuipata kwa mtu yeyote. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba nchi anayoikanyaga yeye mwenyewe, yaani Karagwe ya zamani ambayo tangu 2012 imegawanywa kuwa wilaya mbili za Karagwe na Kyerwa, imeandikwa na kubishaniwa kwa zaidi ya miaka 160. Basi, ndugu msomaji, nikaamua kuanzia hapo hapo nyumbani.

Kitabu cha kwanza ninachokipendekeza kina kosa kubwa ndani yake, nami nakitaja kwanza kwa makusudi. Ni Journal of the Discovery of the Source of the Nile cha Mwingereza John Hanning Speke, kilichochapwa 1863. Speke alifika katika makao ya Mukama Rumanyika wa Karagwe mnamo Novemba 1861, akapokewa kwa ukarimu mkubwa, akakaa mpaka Januari 1862 aliposhika njia ya kwenda Buganda. Mwenzake, James Grant, alibaki nyuma kwa miezi kadhaa kwa sababu ya kidonda cha mguu, naye aliandika kitabu chake, A Walk Across Africa, kilichotoka 1864. Vitabu hivi haviuzwi ghali. Kwa kuwa ni vya zamani, haki ya kuvichapa imekwisha, na mtu mwenye simu au kompyuta aweza kuvipata bure katika intaneti.

Speke alikuwa na jicho zuri. Alipima, alihesabu, aliandika kila siku. Katika vinamasi vya Karagwe alionyeshwa mnyama wa jamii ya paa aishiye majini, ambaye Waswahili humwita nzohe, na hata leo jina la kitaalamu la mnyama huyo, Tragelaphus spekii, linamkumbuka yeye. (Ziwa dogo lililo karibu na makao ya Mukama alilibandika jina la Windermere, ziwa la kwao Uingereza, kana kwamba wenyeji waliishi kando yake karne zote hizo bila kujua waliite nini.)

Ili kuujua uzuri na udhaifu wa vipimo vyake, yafaa kurudi nyuma kidogo, kwenye safari yake ya kwanza na Richard Burton. Vyombo vyao vingi viliharibika njiani. Ili kupata kimo cha nchi juu ya usawa wa bahari walichemsha maji na kusoma kipimajoto. Njia hiyo ni ya kweli kabisa: kadiri mtu apandavyo, hewa hupungua uzito, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi, karibu nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 300. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, bali mahali penye mita 1,500 huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Ndiyo sababu maharagwe huchelewa kuiva milimani. Mwaka 1858 Speke alipoliona ziwa kubwa la Nyanza alitumia kipimajoto cha kawaida cha kupimia maji ya kuoga, akapata futi 3,740, yaani mita 1,140. Vipimo vya leo vinasema mita 1,134! Mtu akiishia hapo atastaajabu na kumwamini Speke kwa kila jambo. Lakini safari hiyo hiyo, kwa njia hiyo hiyo, Ziwa Tanganyika lilipewa kimo cha futi 1,850 hivi, yaani mita 564, na kimo chake halisi ni mita 773 hivi. Kosa ni zaidi ya mita 200. Chombo ambacho kimoja cha vipimo vyake hukosea kwa mita 6 na kingine kwa mita 200 si chombo sahihi. Ni chombo kilichobahatika mara moja. Mwanafunzi na apewe namba hizo mbili kwa pamoja, aulizwe angemwamini Speke kiasi gani kama angeijua ile ya kwanza tu.

Haya ni makosa ya kipimajoto, na kipimajoto hurekebishwa. Kosa lenyewe niliokusudia kulieleza ni la namna nyingine. Speke aliwatazama watawala wa Karagwe na wafugaji wa Kihima, akaona warefu, wenye pua nyembamba, akaamua kwamba hawawezi kuwa wa asili moja na wakulima waliowazunguka. Akasema walitoka Uhabeshi, wakaja kama taifa bora lililowashinda walio duni. Yeye mwenyewe, kwa haki, aliiita hiyo nadharia yake, na akakiri kwamba aliijenga juu ya sura za watu. Lakini ushahidi uliokuwa mbele ya masikio yake aliupita. Wahima wa Karagwe na wakulima walisema lugha moja, ya Kibantu, wala hapakuwa na masalio ya lugha ya Kihabeshi kinywani mwa yeyote.

Kisha likatokea jambo ambalo msomaji mwangalifu hulikuta katika kitabu chenyewe. Speke hakuisikia habari hii kwa Rumanyika; alimfundisha Rumanyika. Alikaa naye akamweleza kwamba ukoo wake watoka kwa Wahabeshi, na kwa njia hiyo wafika kwa Mfalme Daudi. Sasa fikiri: msafiri wa pili akija baada ya miaka kadhaa, akauliza habari za asili, akajibiwa kwamba mababu walitoka kaskazini, ataandika kwamba mapokeo ya wenyeji yathibitisha maneno ya Speke. Mashahidi wataonekana wawili, na kumbe shahidi ni mmoja aliyejisikia mwangwi wake.

Nadharia hiyo ilishikwa na watawala wa kikoloni na waandishi wa vitabu vya shule, hasa ng'ambo ya Mto Kagera, katika Rwanda. Watu waliosema lugha moja na kukaa kilima kimoja waligawanywa katika vitambulisho kwa jina la kabila, na somo la kwamba Watutsi ni wageni kutoka Uhabeshi likakaririwa mpaka likawa kama jambo lisilohitaji kuulizwa. Mnamo Novemba 1992, mahali paitwapo Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano akasema kwamba kwao ni Uhabeshi, nao watarudishwa huko kwa njia ya Mto Nyabarongo. Nyabarongo humimina maji yake katika Kagera. Mwaka 1994 Kagera ilileta maiti mpaka Ziwa Viktoria, na wakimbizi walivuka wakaingia Karagwe, kambi zikafunguliwa hata Rubwera. Mugesera alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya Rwanda mwaka 2016.

Sisemi kwamba Speke aliyasababisha mauaji hayo. Kati ya 1863 na 1994 walipita watu wengi waliokuwa na hiari zao, na kila mmoja ana dawa yake ya kuulizwa. Nasema tu kwamba ule ukurasa ulioandikwa Karagwe, na mtu aliyekuwa ameketi kwa starehe na mwenyeji wake, haukuulizwa swali rahisi kwa miaka mingi mno: umejuaje? Waliokuja kuuliza kwa jembe na brashi walipata jibu lingine. Huko Ntusi, nchini Uganda, uchimbaji wa mabaki ya kale umeonyesha kwamba karibu miaka 1,000 iliyopita palikuwa na mifupa mingi ya ng'ombe na pia mawe ya kusagia nafaka katika makazi hayo hayo. Ufugaji na kilimo vilikua pamoja katika nchi hizi, bila kumhitaji mshindi kutoka mbali.

Baada ya Speke, shule ya Rubwera isikose The Karagwe Kingdom cha Israel Katoke, kilichochapwa Nairobi mwaka 1975. Ni historia ya Wanyambo tangu karibu 1400 hadi 1915, iliyoandikwa kutokana na maandishi ya wageni na, zaidi, kutokana na masimulizi ya wazee. Hapo msomaji huingia katika fumbo jingine: wazee huhesabu wafalme, hawahesabu miaka. Mwanahistoria huchukua idadi ya vizazi akaizidisha kwa urefu wa kizazi. Vizazi 15 vikihesabiwa kwa miaka 27 ni miaka 405. Vikihesabiwa kwa miaka 30 ni 450. Tofauti ya miaka 45 imetokea bila mtu yeyote kusema uongo. Na kama wafalme wawili walikuwa ndugu waliorithiana, au jina moja limesahauliwa, tarehe huzidi kuyumba.

Wengine walitafuta msaada mbinguni. Masimulizi ya Nkore, jirani yetu wa kaskazini, yanasema kwamba Mukama Olimi wa Bunyoro aliivamia nchi hiyo, na mara jua likapatwa giza mchana, naye akaogopa akaondoka. Wazo ni zuri sana. Kupatwa kwa jua kikamilifu huonekana mahali pamoja, kwa wastani, mara moja katika miaka 375 hivi, na wanafalaki waweza kuhesabu kurudi nyuma na kutaja siku yenyewe. Wengi wamechagua 1520. Lakini wengine walipendekeza 1492, na wengine 1506, maana hesabu ya mbingu haikosei, ila haiwezi kutuambia ni giza lipi kati ya hayo lililomwogofya Olimi; kwa hilo twarudi tena kwenye ile hesabu ya vizazi. Mtu apendaye mambo haya na amtafute David Henige, The Chronology of Oral Tradition, cha 1974. Si kitabu chepesi, na mara nyingine mwandishi hushuku hata pale ambapo mimi ningeamini, lakini humfunza msomaji kuuliza kila tarehe ilizaliwa na nani.

Sasa tuje kwenye chuma, na hapa niruhusiwe kukaa kidogo, kwa kuwa ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote. Karagwe na Buhaya zilikuwa nchi za wafua chuma. Mwaka 1978 katika jarida la Science, Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza kwamba mababu wa Wahaya, yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, walitengeneza chuma cha pua kwa ufundi ambao Ulaya haikuufikia ila baadaye sana. Habari hiyo ilienea duniani, na mpaka leo yasimuliwa kwa fahari.

Waliyajuaje hayo? Schmidt alikuwa amewasikiliza wazee kwanza. Masimulizi ya kale kuhusu mti mtakatifu wa Kaiija, huko Katuruka, yalitaja kazi ya wafua chuma chini yake, naye alipochimba akakuta mabaki ya kazi hiyo. Kisha, mwaka 1976, wazee ambao katika ujana wao waliwahi kuyeyusha chuma walijenga tanuri upya kwa kumbukumbu. Walichimba shimo, wakalijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa, wakajenga juu yake kuta za udongo, wakaweka makaa na mawe ya chuma, wakaingiza mabomba ya udongo mpaka ndani ya tanuri na kuyapulizia kwa mivukuto. Makaa yakiungua kwa hewa kidogo hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, na gesi hiyo huyanyang'anya mawe oksijeni yake, chuma kikabaki. Takataka huyeyuka na kushuka shimoni. Hizo ndizo zinazoitwa mavi ya chuma. Chuma chenyewe hakihitaji kuyeyuka. Kwa kweli huyeyuka kwa nyuzi 1,538 tu, na tanuri nyingi za kale zilifanya kazi kwa nyuzi 1,200 hivi.

Dai la Schmidt na Avery lilikuwa kwamba kwa kuwa yale mabomba yaliingia ndani ya moto, hewa ilipata joto kabla ya kufika kwenye makaa, na hivyo tanuri likawaka kupita kiasi. Ulaya, kupuliza hewa iliyokwisha kupashwa moto kulianza kwa James Beaumont Neilson wa Uskoti mwaka 1828. Unaona jinsi jambo lilivyo tamu kwa Mwafrika kulisoma.

Nami nililiona tamu, nikalisimulia mara nyingi kabla sijasoma walioandika kulipinga. Mwaka 1986 J. E. Rehder, mtaalamu wa madini, alihoji kama hewa inayopita upesi katika bomba la udongo yaweza kupata joto la kutosha kuleta tofauti iliyodaiwa. Wengine walihoji tarehe. Kaboni 14 hupungua nusu yake kwa kila miaka 5,730, na kwa hiyo hupima wakati mti ulipokoma kuchukua hewa. Haipimi siku moto ulipowashwa. Fundi akichoma gogo la mti mzee sana, tanuri lake litaonekana kuwa na umri mkubwa kuliko lilivyo. Schmidt na mwenzake walijibu, na Schmidt akalieleza jambo zima kwa urefu katika Iron Technology in East Africa, cha 1997. Mabishano hayakwisha kwa upande mmoja kumtupa mwingine chini.

Nimewasikia watu wakisema kwamba anayelihoji dai hili anawadharau Waafrika. Sikubaliani nao. Dai la Speke lilipokelewa kwa sababu liliwafurahisha wakubwa wa Ulaya. Tukilipokea la Schmidt kwa sababu latufurahisha sisi, tumebadilisha wimbo tu na ngoma ni ile ile. Tena ukiliondoa lile la hewa iliyopashwa moto, yanayobaki hayana ubishi nayo ni makubwa: wazee wale walitoa chuma mbele ya mashahidi, kwa udongo, majani na makaa, kwa kufuata maarifa yaliyokuwa hayajaandikwa na mtu.

Kwa upande wa fizikia sikutaka kumpa mwalimu kitabu kinene. Nilimwambia atafute makala ya kurasa chache iliyotoka 1969 katika jarida la Physics Education, iliyoandikwa na Erasto Mpemba pamoja na Denis Osborne. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari huko Magamba, Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu, naye kwa kuogopa kukosa nafasi katika friji aliweka maziwa yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Osborne aliyekuja kutoa mhadhara kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakacheka. Osborne alirudi chuoni akaagiza jambo lile lijaribiwe.

Watu wengi huisimulia habari hii na kuishia hapo, mwanafunzi akiwa shujaa. Mwalimu na aendelee mpaka 2016, wakati Henry Burridge na Paul Linden walipolipima upya kwa uangalifu na kusema kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha wa maji moto kupoa mapema kuliko ya baridi. Hata kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu kwaweza kuleta matokeo ya kudanganya. Tena mwaka 2020 wataalamu wengine walionyesha jambo linalofanana na la Mpemba kwa punje ndogo mno zilizo majini, si kwa barafu. Mpemba hakupungukiwa na chochote kwa hayo. Aliona, akauliza, akarudia jaribio, na jina lake limewalazimisha watu kupima kwa zaidi ya nusu karne. Darasa lenye friji moja na vikombe viwili laweza kujiunga na mabishano hayo kesho asubuhi.

Nimebakiza falsafa, na nitakwenda haraka. Padri Alexis Kagame wa Rwanda aliandika kwa Kifaransa, mwaka 1956, kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu, akiijenga juu ya ngeli za maneno: mtu ni kiumbe chenye akili, kitu ni kisicho na akili, na kadhalika. Msomaji wa Karagwe asemaye omuntu na ekintu ataisikia hoja hiyo masikioni mwake. Lakini ajaribu kuipima kwa Kiswahili. Twasema kijana, kipofu, kiongozi, na hakuna anayedhani kwamba kiongozi ni kitu, ingawa wapo viongozi wanaotutia mashaka. Baada ya Kagame asomwe Kwasi Wiredu wa Ghana, Philosophy and an African Culture, cha 1980, aliyeonya kwamba si haki kulinganisha imani za kijijini Afrika na sayansi ya maabara ya Ulaya. Imani za kijijini zilinganishwe na za kijijini. Na Odera Oruka wa Kenya, katika Sage Philosophy cha 1990, aliwaendea wazee wenyewe akawauliza wanavyofikiri, akawatenganisha wanaokariri mapokeo na wanaoyahoji.

Karibu vyote nilivyovitaja vimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa kijana wa kidato cha kwanza hilo ni ukuta mkubwa kuliko hoja zilizomo, na sina dawa yake ila moja tuliyokubaliana na mwalimu: wanafunzi wa madarasa ya juu watafsiri kurasa chache za Speke kila muhula, wakiandika safu mbili, moja ya aliyoyaona na nyingine ya aliyoyadhani. Nimeziona za kwanza. Kuhusu ukarimu wa Rumanyika, safu zote mbili zilijazwa, na darasa lilibishana hadi kengele ikalia.

Jambo moja la mwisho kwa wenyeji. Mkilima mkakuta mawe mazito meusi yenye matundu, au vipande vya bomba la udongo vilivyoungua, huenda hayo ni mavi ya chuma na mabaki ya tanuri. Msiyahamishe wala kuyavunja. Wekeni alama mahali penyewe, andikeni jina la shamba na kina mlichochimba, mkamwarifu ofisa utamaduni wa wilaya. Tangu 1964 iko sheria inayolinda mabaki ya namna hiyo, na kipande kilichoondolewa mahali pake kimekwisha kupoteza nusu ya habari zake.